Figa la Tatu

Mwaija mwenyewe ndiye aliyenipa habari hii, Jumapili iliyopita, tukipukuchua mahindi kwake Misima.

Mvua ilikuwa imeshanyesha mara mbili na shamba lake bado limezungushiwa kamba. Mtaalamu wa mambo ya kale alisema watu waliishi hapo miaka elfu mbili iliyopita, kwa hiyo jembe lisiguse.

"Bibi," mtaalamu alimwambia Mwaija siku moja, "tumepata mafiga mawili. Tukijua jiko lilikuwa wapi, kamba itazunguka hapo tu, kwingine utalima. La tatu ndilo hatulioni. Litakuwa jekundu, lenye kishimo cha kidole gumba."

"Wiki tatu unachimba, ndiyo leo unaniambia?"

Tangu utotoni mama yake Mwaija alikuwa amemkataza kung'oa figa moto ukiwaka. Lakini Mwaija aliipua maharage aliyokuwa akimpikia mtaalamu, akang'oa figa moja la jiko lake kwa kitambaa, akalitua miguuni pa mtaalamu. Kishimo kilikuwepo, kimejaa masizi.

"Bibi! Umelitumia kupikia?"

"Na wewe umekula. Nililiokota pale shambani, penye mchongoma. Haya, hamisha kamba."

Mtaalamu alihamisha kamba, akalichukua figa; na chungu hakikai juu ya mafiga mawili. Siku hiyo wote walilala njaa, Mwaija akiwa wa mwisho kusinzia, jembe likiwa ubavuni pake tayari kwa asubuhi.