Aliyeondoka Bila Kuaga

Slipa za binti hazikuwepo tena chini ya kitanda, wala taulo lake halikuwepo ukutani.

Msusi alisimama mlangoni mwa wodi, mkoba begani, akidhani amekosea chumba. Hakukosea. Ni chumba kilekile alichokuwa akiingia kila siku ya wageni tangu mwanawe aletwe kutibiwa uraibu wa vidonge, na leo ndiyo siku ya kuruhusiwa.

"Ameshaondoka, mama," mshauri wa kituo alimwambia taratibu. "Shangazi yake alikuja kumchukua mapema."

"Shangazi yupi?"

Aliuliza tu. Binti hakuwa na shangazi mwingine. Alikuwa ni yule wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye yeye naye hawapikiki chungu kimoja.

Mshauri alimpeleka ofisini, akamvutia kiti. Msusi alijikunyata ndani ya sweta lake, ingawa jua lilikuwa limejaa dirishani.

"Mpango huu ameuchagua mwenyewe," mshauri alisema. "Atakaa kwa shangazi yake. Kila asubuhi atakuja kunywa dawa yake hapa, mbele ya muuguzi, na kila wiki atakaa na wenzake kikundini. Anayetoka hapa akarudi palepale alipoanzia, mara nyingi huanguka tena."

"Palepale? Pale ni kwao!" Sauti ilimkatika. "Nimempakia chumba rangi. Nimebadilisha kitasa. Wale marafiki zake nimewatimua mmoja mmoja, mpaka mtaani wananiona kichaa. Alipofukuzwa kazi duka la dawa kwa kuiba vidonge vya maumivu, nani alimpigia bosi wake magoti asimfikishe polisi? Si mimi?"

Alishusha mkoba begani, akaubwaga mezani.

"Wifi yangu hajawahi kumfulia hata leso. Leo ndiye mama?"

Machozi yalimtoka, na makamasi juu yake. Akapokea karatasi laini, akapenga, akapiga mwayo mrefu, akaomba radhi. Hakufumba jicho usiku kucha, alisema. Mzazi gani angelala?

"Aliwaambia nini kuhusu mimi?"

"Kwamba unampenda. Hilo alilirudia sana."

"Anayependwa haondoki kwa kunyata kama mwizi! Kwa nini hakuningoja aniambie usoni?"

"Aliogopa. Alisema akikuona tu, atakubali kurudi nyumbani."

Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Miaka yote wawili hao walikuwa chanda na pete. Wateja wa saluni waliwaita mapacha, na binti alikuwa akisema mbele yao, bila haya, kwamba mama yake ndiye shoga yake. Kumbe muda wote aliokuwa humu alikuwa akiketi kwenye kiti hiki, akiwamwagia watu baki mambo ya ndani.

Msusi aliinuka. Akashika ukingo wa meza asianguke.

"Mwambieni nimenawa mikono. Asinijue, nami simjui."

"Keti kwanza, mama."

Mshauri alikwenda kufunga mlango. Aliporudi hakukaa tena kwenye kiti chake. Alivuta kigoda akaketi mbele ya kiti alichoinuka Msusi.

"Nafasi yake wodini hatujampa mtu," alisema. "Mwanao alituomba tukuwekee wewe. Mara ya mwisho ulimeza vidonge lini?"

Msusi aliutazama mlango uliofungwa. Kisha akaketi.

"Jana asubuhi," alisema. "Ndivyo vilikuwa vya mwisho, katika vile alivyokuwa akiniletea kutoka dukani."