Chupa ya Uji

Tangu mimba ya Yumna, Kazija hajatia uji mdomoni. Hata Ramadhani, watu wakigombea bakuli la uji wa pilipili manga, yeye hufuturu kwa tende na maji. Pale Micheweni walishazoea. Marehemu mumewe, Nassor, alikuwa akimtania kuwa yeye na uji wamenuniana.

Leo alikuwa amekaa kwenye benchi la hospitali, na kando yake chupa ya chai iliyojaa uji. Asya, mke mwenziwe, ndiye aliyeupika kwa ajili ya mgonjwa.

Mgonjwa ni Yumna mwenyewe. Juzi alianguka pwani akiwa na mzigo wa mwani, akaokotwa hajitambui. Umri bado mbichi, lakini sukari imempanda, siku zake hupotea miezi mizima, na kidevu hukinyoa kwa siri kila wiki. Mtaani walishampa hukumu: mroho, hajui kujizuia. Shangazi zake walimwambia hivyo usoni, wakicheka. Basi binti akaacha kula, akawa anashinda na maji ya ndimu, mpaka siku hiyo ya kuanguka.

Jana alasiri alimshika Kazija mkono. "Mama, mie n'najizuia," alisema. "Wallahi n'najizuia."

Kazija alitoka nje akalia nyuma ya ukuta wa dobi. Binti alikuwa anaomba radhi kwa kosa lisilo lake, na Kazija alimjua mwenye kosa.

Muuguzi alichungulia, akamwita mama wa Yumna. Wanawake wote wawili waliinuka, kwa kuwa wote wawili wamemlea na Yumna huwaita wote wawili mama. Asya akaketi tena.

"Nenda weye, bi mkubwa. Mie na sauti yangu hii n'taona haya mbele ya daktari."

Hakuwa anajidekeza. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kukwaruza, na akipokea simu watu humwamkia kama mzee wa kiume. Zamani ilikuwa nyingine. Nassor aliisikia mara moja tu ikiimba kwenye harusi ya Mgogoni, akarudi nyumbani anataka mke wa pili.

Daktari Conchesta, mwanamke wa Bara asiye na haraka, alianza na habari za ukoo. Nani mwengine ana sukari? Hakuna. Kisha akauliza mimba ya Yumna ilikwendaje, na kama palitumika dawa yoyote.

Kazija angeweza kusema hapana akaenda zake. Miaka yote hiyo amesema hapana, na hakuna aliyemuuliza mara mbili. Lakini aliukumbuka ule mkono.

"Palitumika vidonge," alisema.

Akaeleza huku macho yakiwa sakafuni. Kaka yake, Haroub, alikuja likizo kutoka Maskati na vidonge alivyoandikiwa kwa upungufu wa homoni za kiume. Aliporudi huko alivisahau kabatini, na mapema alishaonya kwamba mwanamke asivichezee, visije vikamgeuza dume. Vikatumika kila siku, wiki baada ya wiki. Siku ilipobainika kuwa kuna mimba, Kazija alivitupa chooni vilivyobaki, akaanza kumlilia Mungu. Mtoto alizaliwa mzima, mzuri wa kutazamika, naye akajiambia kuwa amesamehewa.

Daktari alisema kuwa hawezi kuapa, maana sukari ina njia nyingi za kuingia. Lakini mtoto wa kike akipata homoni za kiume kwa wingi akiwa tumboni, mwili wake unaweza kujipanga vingine tangu mule mule, na ukubwani siku zake zikavurugika, na sukari ikapanda hata akijinyima.

"Leo hii nitamwambia kuwa huu si uroho," alisema. "Atakula kwa mpango, na dawa zipo."

Kazija alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Hicho ndicho alichokijia. Yumna ataondolewa lawama, na yeye hakuulizwa zaidi.

"Na wewe usijilaumu, mama. Ulitaka mtoto wa kiume, sivyo? Wengi wamedanganywa hivyo, wakavimeza."

Kazija hakukubali wala hakukataa. Aliinamisha kichwa, akapokea pole, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

Daktari alimtazama kidevuni, kisha kooni. "Kuna jambo silielewi," alisema. "Mwanamke akimeza vidonge hivyo muda wote huo, mara nyingi sauti yake huwa nzito, na haimrudii tena. Yako mbona nyembamba?"

Mlango uligongwa.

"Samahani, daktari." Ilikuwa ile sauti nzito. Asya alisimama kizingitini na chupa mkononi na kikombe cha bati. "Mwanangu kaamka, kanywa kidogo. Nimeona nimletee na mwenzangu huyu, tangu asubuhi hajatia kitu tumboni."

Daktari aliiweka kalamu chini. Alimtazama Asya, akamgeukia Kazija, akarudi kumtazama Asya.

Asya hakuona kitu. Alimimina uji taratibu, akakiweka kikombe mbele ya Kazija, mvuke ukampanda usoni.

"Uji haupendi huyu, daktari, lakini wangu leo ataunywa," alisema, huku akimshika mwenziwe bega. "N'lipokuwa na mimba ya Yumna, toka mie mwenyewe sijaijua, huyu ndiye aliyekuwa akinipikia uji kila asubuhi, akanisimamia mpaka n'malize."