Kiflash Chenye Uzi Mwekundu

"Hiyo diski usiifute," dada alirudia, na fundi hata alikuwa hajashika kitu.

Fundi alikuwa hoi. Tangu asubuhi alikuwa akivutana na printa ya shule iliyokula karatasi kuliko wanafunzi, na sasa dada yake mkubwa, mshonaji, alikuwa amekalia stuli ya wateja kama askari wa lindo. Kompyuta ya dada ilikuwa mezani. Inawaka, inaonyesha nembo, inazimika. Humo ndimo ilimokuwa sauti ya mama yao. Mama walishamzika, zilikuwa zimebaki rekodi zile tu, akisimulia, akicheka, akiwagombeza.

Fundi alimweleza taratibu kwamba hatafuta kitu. Ataandaa flash yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, mashine iwakie humo badala ya kwenye diski, kisha wachungulie diski kama wageni na kuzichukua sauti.

"Kama ulivyochungulia picha za harusi yangu," dada alisema.

Siku ya picha zile fundi alikuwa ameandika mfumo mpya juu ya diski ambayo siyo, harusi nzima ikapotea, keki na wageni wake.

Alivuta droo. Tupu. Flash zake zote zilikuwa kwa wateja, na flash ukishaiazimisha ni kama umeitoa sadaka. Dada akaguna, akachomoa kiflash kidogo ubavuni mwa kompyuta, kimefungwa uzi mwekundu wa cherehani.

"Chukua hiki, mdogo wangu. Vilivyokuwamo nilishavihamishia kwenye kompyuta zamani. Nakiacha hapo tu kisipotee."

Akaeleza kwamba alama iliyoandikwa Mama iko pale pale mbele, kwenye kioo cha kompyuta. Akiibonyeza, mama anaongea, naye anashona huku akimsikiliza.

Fundi alichomoa kila diski ya dukani isiyohusika. Alisoma jina la kifaa, akalisoma tena, akafikicha macho, akalisoma kwa sauti ili dada naye asikie. Safari hii hakukosea. Mfumo ukaandikwa, ukakijaza kiflash pomoni. Akakirudisha kwenye kompyuta, akaiwasha.

Ikawaka. Diski ilikuwa nzima, mafaili yote mahali pake, hata vipimo vya magauni ya wateja. Fundi akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Dada alisogeza stuli hadi magoti yakagusa meza. Utani ulikuwa umemwisha.

"Ongeza sauti," alisema. "Huwa anaanza kwa kukohoa."

Fundi akaitafuta alama ya Mama, akaikuta. Haikuwa na sauti hata moja ndani yake. Ilikuwa njia ya mkato tu, ya kumpeleka mtu mahali sauti zilipo: kwenye kiflash chenye uzi mwekundu.