Maziwa ya Nyamizi

Siku hizo kila nyumba ilikuwa na mashine ya kodi ukutani, iliyopima chochote kilichotengenezwa humo, uwe uji au mkeka, na kutoza kodi kwa malipo yoyote yaliyopokelewa. Watu waliiamini kwa kuwa haikuwahi kukosea.

Asubuhi moja Nyamizi alikuwa akimnyonyesha mtoto wa jirani yake Kabula, aliyelazwa hospitali, mashine ikamuuliza kwa upole, "Maziwa haya umelipwa nini?"

"Sijalipwa kitu. Huyu ni mtoto wa shoga yangu."

"Kabula alikufulia nguo ulipojifungua."

Nyamizi aligeuka kuitazama mashine. Ni kweli alimfulia, lakini nani alikuwa akihesabu? Au Kabula mwenyewe ndiye aliyekwenda kusema? Akamtazama yule mtoto kifuani, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba ananyonya mno.