Jin Haigandi

Niliinamisha chupa ya jin juu ya glasi, hakikutoka kitu.

Juisi ya nyanya ilikuwa tayari, na limau na pilipili manga, chumvi nimeipaka ukingoni mwa glasi kama kaka yangu anavyopenda. Ilibaki jin tu. Chupa inakaa kwenye friza kwa ajili ya wageni. Mume wangu ndiye aliyesema ibaki humo, yeye ameshaacha pombe, haimbabaishi.

Nikaitikisa. Ndani kukagonga pande la barafu.

Jin haigandi kwenye friza. Yanayoganda ni maji.

Sebuleni walikuwa wanacheka. Kaka yangu ana mabasi ya shule, na leo alikuja kumrudishia mume wangu, dereva wake wa zamani, ufunguo wa basi aliomnyang'anya enzi za ulevi wake. Ulikuwa mezani, katikati yao.

"Mama watoto," mume wangu akaita, "shemeji anauliza kama umekwenda kuzipanda hizo nyanya."

Ningeweza kupeleka juisi tupu. Pilipili ingenisitiri. Kaka angekunywa, angesifu, na kesho asubuhi watoto wa watu wangepanda basi.

Nikaweka glasi na chupa kwenye sinia. Chupa ilikuwa inatoka jasho, na vidole vyangu pia. Nilipofika mezani nikaisimamisha kando ya ufunguo.

"Mmiminie mwenyewe shemeji yako, baba watoto," nikasema. "Kazi yangu imeishia hapo."

Kaka akasogeza glasi. Mume wangu akaishika chupa shingoni, akaniangalia, na hakuiinamisha.