Jiwe Kwenye Chai

Nilifunua sufuria nikakuta jiwe limelowekwa kwenye chai nyeusi tii.

Lilichongwa makali pande zote mbili, pacha wa lile shoka la jiwe alilofukua mume wangu, mchimbaji wa makumbusho. Wataalamu walisema huenda watu wa kale walichunia nalo wanyama, na jana mume wangu akapandishwa cheo.

“Baba watoto, hili nalo la kale?”

“La kale. Nalisafisha tu.”

“Kwa chai? Kwani mkate?”

Akanyoosha mkono alichukue. Dole gumba lake lilikuwa na plasta mpya.

Nikaliwahi jiwe, nikalikwangua kwa kijiko. Rangi ikatoka, chini yake jiwe jeupe, jipya kabisa.

Simu yake ikaita mezani: mkuu wa makumbusho. Mimi ndiye niliyekuwa karibu nayo.