Udongo wa Nyuma ya Kibanda

Mlango wa shule husoma tumbo la kila mtoto anayepita. Ukikuta minyoo, taa nyekundu huwaka na mtoto hupewa uji wa maziwa pamoja na dawa. Ukikuta tumbo safi, mashine huandika kwamba mtoto huyo anakula vizuri kwao, naye hapewi kitu.

Binti yangu Abeya amekunywa uji miezi mitano sasa. Dawa huificha shavuni, na akifika nyumbani hunitemea mkononi. Nilimfundisha mimi.

Jana Mama Mille, jirani yangu, alikuja na kibuyu kitupu. Mwanawe aliimeza dawa, na leo ni siku ya tisa hajaonja uji. Swala wameisha huku bondeni, na mizizi tunayochimba imekauka.

"Dada, nimekuja kuomba," alisema.

"Chakula sina."

"Sijaomba chakula. Nionyeshe anakojisaidia Abeya."

Kwetu Wahadzabe, anayepata hula na kambi nzima. Ukificha hata paja la ndege, utasemwa mpaka uhame. Nilichukua kijiti cha kuchimbia mizizi, nikamjazia kibuyu udongo wa nyuma ya kibanda. Alishukuru, akaufunika kwa majani kama mtu aliyebeba asali.

Asubuhi hii Abeya alikohoa sana, mnyoo ukamtoka mdomoni. Aliudaka kwa kiganja, akanitazama kwa hofu, akauliza kama aumeze tena kabla ya kwenda shule.